Somo la Mwezi: Darasa la Upishi Katika Shamba la Kale



Somo letu la mwezi huu ni la jikoni. Mabwana wasije wakaufunua ukurasa mwingine wakisema, "Haya ni mambo ya akina mama." Mkulima hupanda, hupalilia na kuvuna, na mwisho wa kazi hiyo yote ni chungu. Zao ambalo mwenyewe hajui kulipika ni nusu ya zao. Katika somo hili tutaona kwa mifano ya kweli jinsi nusu hiyo iliyokosekana ilivyowahi kuwaua wakulima wengi.

Katika nchi ya Italia yako mashamba makubwa ya zamani, yenye majumba ya mawe yaliyojengwa mamia ya miaka iliyopita. Siku hizi watu wa mjini na wageni wa nchi za mbali huenda huko na kulipa fedha ili wafundishwe kupika. Hawaendi kutazama. Hufungwa aproni, hupewa kisu na unga, wakaambiwa wakande. Na mengi wanayofundishwa si vyakula vya wafalme. Ni sima ya mahindi, maharagwe, tambi na mchuzi wa nyanya, yaani chakula cha watu wale wale waliokuwa wakiyalima mashamba hayo kwa jasho lao.

Sisi wa Junju yatupasa kulijua jambo hili, maana Waitaliano ni jirani zetu. Tarehe 26 Aprili 1967 walirusha setilaiti yao iitwayo San Marco 2 kutoka jukwaa lililo baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Tangu miaka hiyo wengi wao wamekaa Malindi na Watamu, wakajenga nyumba na mahoteli. Vijana wengi wa pwani wamejifunza lugha yao na upishi wao kwa kufanya kazi katika majiko hayo. Basi yafaa mkulima ajue upishi huo ulitoka wapi, na una faida gani kwake na kwa watoto wake.

MASHAMBA YA NUSU KWA NUSU

Katika jimbo la Toscana na majimbo ya jirani, kwa mamia ya miaka ardhi nyingi ilikuwa mali ya matajiri. Jumba la mwenye shamba lilikaa mahali pa juu, na kulizunguka palikuwa na vishamba, kila kimoja na nyumba yake na jamaa yake. Jamaa hiyo ililima ngano, mizabibu na mizeituni, ikafuga kuku na ng'ombe wa kulimia. Mavuno yalipokuja yaligawanywa, nusu kwa tajiri na nusu kwa mlimaji. Msomaji aliyepata kusikia kwa wazee habari za watu wa pwani waliokaa katika mashamba ya wengine bila hati, ataifahamu hali hiyo bila maelezo marefu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yaligeuka. Mwaka 1950 serikali ya Italia ilitoa sheria za kukata baadhi ya mashamba makubwa na kuwagawia wakulima, jambo linalofanana na lile lililofanyika katika skimu zetu baada ya Uhuru. Mwaka 1964 sheria nyingine ilikataza mikataba mipya ya nusu kwa nusu. Lakini wakati huo huo vijana walikuwa wakikimbilia viwandani katika miji ya Milano na Torino, na nyumba nyingi za mashamba zikabaki tupu.

Waliobaki walitafuta njia ya kuishi. Wengine walitengeneza vyumba, wakawapangisha wageni na kuwapikia. Mwaka 1985 serikali iliitungia kazi hiyo sheria. Jina lake ni agriturismo, neno linaloshika kilimo na utalii pamoja. Sheria ilitaka kilimo kibaki kuwa kazi kubwa na wageni wawe nyongeza. Mwenye kuacha kulima akawa mwenye hoteli tu, hana haki ya jina hilo. Sheria ya mwaka 2006 iliyokuja baada yake ilishika shauri lile lile, ikataka chakula cha wageni kitoke kwa sehemu kubwa katika shamba lenyewe na mashamba ya eneo lile.

Kwetu husemwa, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wenzetu wamepata mgeni anayelipa ili apewe jembe siku ya kwanza.

DARASA LINAVYOKWENDA

Asubuhi wageni hukutana uani. Kwa kawaida huwa wachache, maana meza ni moja na mwalimu ni mmoja. Kwanza huchukua vikapu wakaenda bustanini, wakachuma nyanya, biringani, vitunguu na majani ya mrehani. Hapo huonyeshwa nyanya ipi imeiva ya kupikwa na ipi yafaa kuliwa mbichi. Mtu wa mjini ambaye hajapata kuona nyanya ikiwa bado juu ya mti wake, hapo hupata somo lake la kwanza.

Kisha hurudi jikoni. Unga humwagwa juu ya meza ya mbao, katikati ukachimbwa shimo, na mayai yakavunjwa ndani yake. Mwalimu, ambaye mara nyingi ni mama wa nyumba ile au mpishi wa kijiji kile, hufanya mara moja polepole huku wote wakitazama. Halafu kila mtu hukanda donge lake. Mwalimu hupita akibonyeza madonge kwa kidole, akimwambia huyu bado, na yule sasa limekuwa. Mchana wote huketi pamoja wakala walichokipika, kilichopendeza na kilichoharibika.

Yeyote aliyepata kusomea ualimu atazitambua hatua tatu katika kazi hiyo: kutazama, kutenda, na kusahihishwa. Ndivyo tunavyomfunza mtoto kukuna nazi. Hakuna aliyejua kuikalia mbuzi kwa kusomewa kitabu. Kwa hiyo kikundi kikitaka kulifuata somo hili, msilisome tu. Wekeni unga mezani.

WALICHUKUA MBEGU, WAKAACHA UPISHI

Sasa tunafika kwenye sehemu iliyo kubwa kuliko zote katika somo hili.

Mahindi hayakuwako Italia zamani, wala hayakuwako hapa kwetu. Asili yake ni Marekani ya Kati, katika nchi ya Meksiko. Baada ya mwaka 1492 mabaharia waliyaleta Ulaya, na baadaye Wareno wakayaeneza katika pwani za Afrika. Kabla yake mkulima wa Italia ya kaskazini alisonga sima ya nafaka nyingine, kama vile mawele, kama wazee wetu walivyosonga ya mtama na mawele. Mahindi yalipoonekana kuwa yanazaa zaidi, sima ikawa ya mahindi. Wao huiita polenta.

Katika mashamba makubwa ya Lombardia na Veneto tajiri alichukua ngano akaiuza, na kibarua akabaki na mahindi. Alikula polenta asubuhi, mchana na jioni, mara nyingi bila kitoweo. Kisha maradhi yakatokea. Ngozi ya mikono, miguu na shingo, mahali panapopigwa na jua, ilibadilika rangi na kukwaruza kama iliyoungua. Baadaye tumbo liliharisha, akili zikavurugika, na wengi walikufa. Mwaka 1771 daktari mmoja wa Milano, Francesco Frapolli, aliyaandika maradhi hayo kwa jina la pelagra, maana yake ngozi iliyokwaruza. Serikali ilipohesabu wagonjwa mwaka 1881, ilikuta zaidi ya watu laki moja.

Watu walibishana kwa muda mrefu juu ya asili ya maradhi hayo. Wengine walisema ni ya kuambukizana, wengine walisema ni mahindi yaliyooza. Kuanzia mwaka 1914 daktari Joseph Goldberger aliyachunguza huko Marekani, kusini, ambako maskini nao walikuwa wakila mahindi kwa wingi. Akaonyesha kwamba hayaambukizi. Yanatokana na upungufu wa kitu fulani katika chakula. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alikipata kitu hicho, nacho chaitwa niasini, mojawapo ya vitamini.

Msomaji atauliza: mbona watu wa Meksiko waliyala mahindi kwa maelfu ya miaka, wala hawakupatwa? Jawabu liko jikoni. Wao huyachemsha mahindi kwa maji ya chokaa au majivu, wakayaacha yalowe usiku kucha, ndipo wakayasaga. Niasini iliyomo katika mahindi imefungwa, hata tumbo haliwezi kuipata, chokaa huifungua. Tena waliyala pamoja na maharagwe. Mabaharia walichukua mbegu, wakaacha upishi. Mbegu ilisafiri kwa mwaka mmoja, lakini watu wa Italia walilipa gharama ya upishi ule uliosahauliwa kwa zaidi ya miaka mia.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mhogo nao ulitoka Marekani ya Kusini. Mhogo mchungu una sumu, na wanaoujua huuloweka au kuuvundika na kuukausha kwa siku za kutosha. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkubwa katika jimbo la Nampula, Msumbiji, njaa iliwafanya watu wafupishe kazi hiyo. Zaidi ya watu elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu, na waliopooza hivyo hawaponi kabisa. Mhogo ulikuwapo na maarifa yalikuwapo. Haraka ndiyo iliyoharibu.

Basi sisi tufanye nini? Hatuna desturi ya kupika mahindi kwa chokaa, wala si lazima kuianzisha. Yatosha sima isikae peke yake katika sahani. Samaki, dagaa, nyama, njugu, kunde na maharagwe vina niasini ya kutosha kuziba pengo hilo. Mchunga, mnavu, kisamvu na majani ya kunde huleta vitamini nyingine. Wazee wetu walikuwa na hekima walipokataa sima isiyo na mboga. Hatari huja pale mkulima anapouza kunde zote, mayai yote na njugu zote ili apate fedha, kisha akanunua unga mtupu. Mtoto wa nyumba hiyo atashiba lakini hatakua vyema, hata kama baba ana fedha mfukoni.

Leo polenta ile ile iliyokuwa na sifa mbaya yafundishwa katika mashamba ya Italia, na wageni huilipia. Lakini sasa huandaliwa pamoja na maharagwe, jibini, nyama au uyoga.

KAZI YA MIKONO: VYAKULA VINNE

Hivi hapa ni vyakula vinne vya kujifunza kikundini, kila kimoja kwa vitu vinavyopatikana Junju, Vipingo au Mtwapa. Watu wanane kwa meza moja watosha.

1. Tambi za mkono. Pwani yetu twazijua tambi kwa sukari na nazi. Waitaliano huzila kwa chumvi na mchuzi. Chukua unga wa ngano gramu 400 na mayai 4. Kipimo ni yai moja kwa kila gramu 100. Chimba shimo katikati ya unga, vunja mayai, koroga kwa uma ukiuvuta unga kidogo kidogo. Kanda kwa dakika 10 kamili hata donge liwe laini kama sikio la mtoto. Lifunike kwa kitambaa kibichi kwa dakika 30. Kazi hii ya kungoja isirukwe, maana donge lisilopumzika hujikunja likisukumwa.

Ligawe mara 4. Sukuma kila sehemu kwa kibao na kifimbo cha chapati hata iwe nyembamba, uweze kuona kivuli cha mkono wako upande wa pili. Nyunyiza unga, ikunje kama mkeka, kata kwa kisu vipande vyembamba kama ukili, kisha vikunjue. Chemsha maji lita 4 na chumvi vijiko vya chai 6, tia tambi, uonje baada ya dakika 2 au 3. Zisiwe laini mno. Jino likute ugumu kidogo.

2. Mchuzi wa nyanya. Nyanya, au tungule kama wengine wasemavyo, nayo ilifika Ulaya kutoka Marekani katika karne ya 16. Waitaliano waliiita tofaa la dhahabu, na palipita muda mrefu kabla haijawa kitu cha kila siku jikoni. Chukua nyanya mbivu kilo 2. Zitie katika maji yanayochemka kwa dakika 1, kisha katika maji baridi, na ngozi itatoka yenyewe. Zikatekate. Kaanga kitunguu 1 kwa mafuta vijiko 3 kwa moto mdogo, kisiungue. Tia thomu punje 3, halafu nyanya na chumvi. Acha wazi kwa moto mdogo kiasi cha dakika 40, hata maji yaishe na mafuta yaanze kuonekana juu. Mwisho tia majani machache ya mrehani. Mrehani sisi twaupanda kwa ajili ya harufu na maua ya kuvaa. Wao ndio kiungo chao kikubwa. Anayeupanda uani ana kiungo hicho bila kununua.

3. Kunde na tambi. Hiki ni chakula cha kibarua wa Italia, nacho kilimponya yule aliyeweza kukipata. Wao hutumia maharagwe. Sisi tuna kunde. Loweka kunde kavu vikombe 2 usiku kucha, chemsha hata zilainike, ponda theluthi yake na kuirudisha chunguni ili mchuzi uwe mzito. Tia upawa mmoja wa mchuzi wa nyanya na tambi zilizovunjwa, pika hata ziive. Badala ya mafuta ya zeituni, tia tui la nazi mwishoni. Mtoto aliyeachishwa ziwa aweza kula chakula hiki, kikipondwa vizuri.

4. Polenta. Chukua maji lita 1, chumvi kidogo, na unga wa mahindi gramu 250, wenye chenga kidogo. Maji yakichemka mimina unga kwa mkono mmoja kama mvua ndogo, na mkono mwingine ukoroge. Sima yetu husongwa kwa muda mfupi ikawa ngumu. Yao hukorogwa kwa moto mdogo kiasi cha dakika 40, ikawa laini kama uji mzito. Imwage juu ya ubao, iache ishike, na ikate kwa uzi. Itakayobaki hukatwa vipande siku ya pili na kuchomwa juu ya makaa hata ipate ganda. Mama anayetupa kiporo cha sima kila asubuhi, na ajaribu hivi.

NYANYA ZISIZOPATA MNUNUZI

Kila mkulima wa mboga aijua siku ile ambayo nyanya zimeiva zote pamoja, bei imeanguka, na tajiri wa gari amesema hana nafasi. Katika nyumba za mashambani Italia, mwezi wa Agosti nyanya zikiwa tele, jamaa nzima hukusanyika siku moja ikazitia chupani za mwaka mzima. Kazi hiyo twaweza kuifanya, lakini ina sharia zake, na asiyezifuata asifanye kabisa.

Tumia chupa za kioo za nusu lita zenye mdomo mpana na vifuniko vipya visivyo na kutu. Zichemshe chupa kwa dakika 10. Pika nyanya peke yake, zilizomenywa, hata ziwe nzito. Usitie kitunguu, thomu wala mafuta. Hivyo vitatiwa siku ya kupika. Katika kila chupa tia kwanza maji ya ndimu vijiko 2 vya chakula, kwa sababu uchachu ndio unaozuia mdudu mmoja mbaya ambaye hatoi harufu na ambaye sumu yake huua. Jaza nyanya zikiwa moto, ukiacha nafasi ya upana wa kidole, funga. Tandika kitambaa chini ya sufuria kubwa, panga chupa, tia maji moto yazifunike kwa vidole viwili, na uchemshe kwa dakika 45, ukihesabu tangu maji yanapoanza kuchemka. Ziache zipoe polepole. Kesho yake bonyeza kifuniko. Kikicheza juu na chini, chupa hiyo haikufunga, iliwe siku hiyo.

Andika tarehe, weka mahali penye giza. Chupa ikivimba kifuniko, ikitoa povu au kunuka inapofunguliwa, ifukie shimoni. Usionje, wala usimpe kuku. Nyanya za debe moja hazina thamani kuliko mtu mmoja.

JE, KUNA FEDHA KATIKA JAMBO HILI?

Wengine watasema, basi nasi tuite wageni, tufungue darasa. Ni shauri jema, lakini tulitazame vizuri.

Kwanza, mgeni wa Italia hana haja ya kufundishwa tambi na mtu wa Junju. Tambi aliziacha kwa mama yake. Atalipia asichokijua: kupanda mnazi au kuona ukipandwa, kuvunja dafu, kukuna na kukama tui, kutwanga kwa kinu, kusonga sima, kupika kunde za nazi na samaki wa kupaka, kuutoa mchunga uchungu wake. Wenzetu walipata wageni kwa sababu walifundisha cha kwao. Tukiwaiga, tuwaige katika hilo.

Pili, kuna masharti. Anayewapikia watu kwa fedha sharti awe na cheti cha afya cha washika chakula, na jiko lake likaguliwe na watu wa afya wa kaunti. Choo kiwe safi, maji ya kunawa yawepo, na maji ya kunywa yawe yamechemshwa. Mgeni mmoja akiharisha, habari zitafika Malindi kabla ya basi.

Tatu, kuna hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kikundi kimepata wageni 6, na kila mmoja amelipa shilingi 2,000. Hesabu yake itakuwa hivi:

Fedha zilizoingia: 12,000
Vyakula vyote: 2,400
Kuni na maji: 600
Wasaidizi 2, kila mmoja 800: 1,600
Usafi na vyombo vilivyovunjika: 900
Jumla ya matumizi: 5,500
Faida: 6,500

Angalieni kwamba vyakula vimehesabiwa kwa bei ya soko, hata kama nyanya na nazi zimetoka shambani kwenu. Wengi husahau hivyo, wakadhani wamepata faida kumbe wamekula mazao yao wenyewe. Na faida hiyo igawanywe kwa watu wote waliofanya kazi na kwa siku zote walizofanya, pamoja na siku ya kufagia na ya kwenda sokoni. Hapo ndipo mtajua kama ni kazi ya kuendelea nayo.

Nne, kumbukeni sheria ile ya Italia. Mgeni aje kwa sababu ya shamba. Shamba lisiachwe kwa sababu ya mgeni. Msimu wageni wasipokuja, na misimu hiyo huja, pwani yetu yaijua vizuri, mahindi na kunde ndizo zitakazolisha nyumba.

Kwa mkulima mwingi wa skimu, faida ya kwanza ya somo hili itakuwa sahanini kabla ya kuwa mfukoni. Sima ipate kunde. Nyanya zisiende shimoni. Na mkulima anayewapelekea wenye hoteli biringani na mrehani, ajue vinavyopikwa, ili siku watakaposema hawanunui, arudi navyo nyumbani na watoto wale vizuri.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika mashamba makubwa ya Lombardia na Veneto, kwa nini kibarua alikula mahindi ilhali alilima ngano?

2. Watu wa Meksiko waliyafanyaje mahindi kabla ya kuyasaga, na jambo hilo lilisaidia nini?

3. Taja vyakula vitano vya Junju vinavyofaa kuliwa na sima ili mwili usipungukiwe niasini.

4. Kwa nini ndimu hutiwa katika chupa ya nyanya, na kwa nini kitunguu na mafuta havitiwi?

5. Zao gani katika shamba lako unaliuza lakini hujui kulipika? Nani katika kijiji chenu analijua?

KAZI YA KUFANYA. Kabla ya mkutano ujao, kila jamaa iandike kwa siku 7 kile kilicholiwa pamoja na sima, na kile kilichouzwa kutoka shambani siku hiyo. Leteni karatasi hizo mkutanoni, mzisome pamoja. Mkiona siku ambayo kunde ziliuzwa na sima ikaliwa kwa chumvi, hapo ndipo pa kuanzia kazi.